Mizani ya Stesheni

Nilikuwa mpima mizigo stesheni ya Kigoma,
mwisho wa reli, pale treni inapokosa pa kwenda
ikabaki kupiga honi.
Nilipima dagaa, migebuka mikavu, madumu ya mawese,
magodoro ya waliohamishwa kikazi,
na Agosti moja, masanduku saba ya mbao
yenye jina AUBERTOT kwa rangi ya lami.
Kilo mia mbili na kumi na nne.
"Misumari?" nikauliza.
"Mashairi," akasema. "Ya mtu mmoja,
pamoja na ugomvi juu yake."

Mama wa Kifaransa, mwembamba, viatu vya kiume, kikohozi.
Kiswahili chake kila neno limepigwa pasi.
Akakinyooshea kidole chombo changu: hiki kinaitwaje?
Mizani.
Akakaa juu ya sanduku, akacheka mpaka makuli wakageuka.
Miaka thelathini, alisema, nahesabu silabi za marehemu mmoja,
wala sikujua iko lugha
ambayo beti na gunia hupimwa kwa neno hilohilo.

Maisha yake niliyapata kwa vipande,
kama mzigo uliopasukia njiani.
Baba alifungua na kufunga malango ya mfereji,
mashua zikipanda maji kama ngazi.
Mshairi wake alikuwa karani wa ushuru,
aliyeandika nyuma ya daftari za serikali
akafa na deni la mishumaa.
Yeye ndiye aliyemkuta, ghalani, kati ya mavi ya panya.
Tasnifu, miaka tisa.
Kisha maprofesa wakasema: karani wako hajui hesabu,
mistari yote ina silabi kumi na mbili
ila huu, na huu, na huu: kumi na tatu.
Akawajibu kwa kitabu kizima:
alihesabu sawasawa.
Mkewe alikufa mwezi huo. Ile moja ni ya mkewe.

Kwa jibu hilo walimnyima kiti miaka kumi na mmoja.
Walipompa, mgongo ulishapinda.
Akakikalia kidogo, akastaafu,
akaja kufundisha Kifaransa shule ya sekondari,
chumba cha kupanga Katubuka, nyuma ya duka la mabati.
Kwa nini Kigoma? Nilimuuliza mara tatu.
Mara ya kwanza alisema ziwa.
Mara ya pili alisema, ramani ilikunjika hapa.
Mara ya tatu alikohoa.

Alhamisi alikuja ghalani na daftari.
Siku moja mteja alinigombeza, jogoo wake kafia tengani,
nami nikamwambia bila kufikiri:
mzigo ulofungasha, mpimaji haujui.
Yule mama akaanza kukunja vidole.
"Nane," akasema. "Na nane. Bihome, umefanya makusudi?"
Nikasema hapana.
Tangu siku hiyo sijaweza kusema kitu
bila vidole vyangu kutikisika mfukoni.

Wanafunzi wake, wawili walivuka ziwa kwenda kusoma,
mmoja ni tarishi wa benki, wengine sijui.
Vitabu alivigawa. Vingine vilifika Ujiji
kwa muuza karanga, ukurasa kwa ukurasa.
Tulimkuta pamoja, sokoni, akiviringisha kona.
Nilitaka kumfokea yule kijana.
Mama Aubertot akanunua za shilingi mia mbili,
akaufungua ule ukurasa taratibu, akausoma,
akala karanga.
"Huu nilikuwa nimeukosea," akasema.

Aliondoka Machi, kwa matibabu,
treni ya jioni, sanduku moja.
Hakuniuliza uzito, alikuwa akitazama
kuli mmoja akifunga kamba za viatu.
Kilo kumi na tisa.
Miaka ishirini na sita ghalani
sijawahi kumkosea mtu hata robo,
mkaguzi shahidi.
Nikatoa tofauti ya nauli mfukoni mwangu,
nikalowesha kalamu ulimini,
nikaandika ishirini.